Msiba wa Fundi Sofa

"Hivi hii nyumba ni yako, au na wewe umepanga?"

Swali hilo muuza mkaa alilirusha juu ya ukuta siku moja, mikono yake myeusi hadi viwikoni, alipomkuta Mama Sala akifua nepi huku amejibanza kati ya tangi la maji na mlango wa jiko. Ua mzima ulikuwa umejaa mifupa ya makochi. Muuza mkaa hakuwa mtu wa kumeza maneno. Ukinunua kwake debe la mkaa anakuongezea na ushauri juu yake, bure. Mama Sala alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni, akaendelea kukamua nepi. Lakini swali lilimwingia, likalala naye, likaamka naye.

Nyumba ilikuwa yake. Yeye na marehemu mumewe waliijenga kwa kujinyima, mwaka huu msingi, mwaka ule kuta, bati wakalipata nywele zimeshaanza mvi. Mume alipofariki, mjane alirudi nyuma kwenye chumba kimoja cha uani, ubavuni mwa jiko, na vyumba viwili vya mbele, vikubwa, vyenye madirisha ya kupitisha upepo, akavipangisha. Jina la Mama Sala alipewa na mtaa. Hakuna mgonjwa aliyelala wala mtoto aliyezaliwa pale bila yeye kuitwa kuomba. Wengine walimwita hata kabla ya kumpeleka mgonjwa zahanati, na hao aliwagombeza kwanza ndipo akawaombea.

Mpangaji wake ndiye huyo Fundi Sofa. Mwili mkubwa, sauti nene, ulimi uliopakwa mafuta. Siku alipoingia alikuwa na mke, begi na nyundo. Haukupita muda vyumba vikageuka karakana: sponji, vitambaa, springi, gundi inayopanda kichwani. Makochi ya wateja yakajaa ndani, yakatokea barazani, yakashuka uani. Kodi ikaanza kuchechemea, kisha ikakaa chini kabisa. Akiulizwa, Fundi Sofa humshika Mama Sala mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama yangu, wewe ni mzazi wangu. Tangu lini mzazi akamdai mwanawe mbele za watu?"

Watu wanacheka, na Mama Sala anajikuta ameondoka mikono mitupu, tena ameshukuriwa.

Pengine angevumilia hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini binti yake wa pekee, ambaye mumewe alikuwa kazini mbali, alirudi nyumbani na mtoto mchanga, na mtoto yule akaanza kukohoa. Ukuta kati ya chumba cha uani na jiko haukufika juu. Moshi ukifuka unaingia bila hodi. Daktari wa zahanati aliweka kifaa chake kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza sana, halafu akamtazama bibi badala ya mama.

"Huyu asilale kwenye moshi. Baridi ikija kifua hiki hakitaiweza. Mtafutieni chumba chenye hewa."

Chumba chenye hewa alikuwa nacho. Kilikuwa kimelaliwa na makochi ya watu.

Ndipo Mama Sala akavaa gauni lake la ibada, akaenda mahakamani, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Hakimu, mwanamke wa miwani na maneno machache, aliwasikiliza wote wawili akawaambia wakakae nje kwenye benchi wapatane. Wakapatana. Mama Sala alisamehe kodi yote ya nyuma kwa ajili ya kifua cha mjukuu. Fundi Sofa akaahidi kuhama. Tarehe aliitaja yeye mwenyewe, hakushikiwa fimbo. Hakimu alipomuuliza kama ana hakika, akajibu, "Mheshimiwa, siku hiyo ikinikuta pale, nitolewe na kitanda changu nikiwa juu yake." Watu kwenye mabenchi wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliandika suluhu, wakatia sahihi, ikasomwa kwa sauti: asipohama kwa hiari yake, atatolewa na dalali wa mahakama.

Tarehe ikafika, ikapita. Fundi Sofa hakukunja hata shuka. Mama Sala akarudi mahakamani, akapewa amri, akaipeleka kwa dalali, mtu mrefu mwenye kofia ya kijivu na uso wa mtu aliyezoea kutokaribishwa chai.

"Keshokutwa asubuhi nitakuwa kwako," dalali alimwambia. "Lakini mama, nikwambie ukweli. Nikitoa vyombo, mambo yamekwisha. Nikifika nikashindwa, amri inarudi mahakamani, na huyo bwana ataomba aongezewe muda. Nawajua watu hawa. Baridi itamkuta humo humo ndani."

"Hutashindwa, baba. Ni makochi tu."

"Makochi hayajawahi kunishinda," dalali akasema.

Asubuhi ya siku hiyo Mama Sala alikuwa akichemsha maji ya kumwogesha mtoto pale kilio kilipopasuka vyumba vya mbele. Aliacha sufuria motoni, akakimbia peku, khanga ikiburuzika nyuma. Hakuuliza, hakufikiri. Miaka yote hiyo kilio kikilia miguu yake ilikuwa ikienda yenyewe. Akawa wa kwanza kufika. Alimkuta Fundi Sofa ameketi sakafuni, mikono kichwani.

"Shemeji yangu! Jamani, shemeji yangu katuacha!"

Mkewe alikuwa pembeni, ameinama, amejifunika mtandio mweusi mpaka usoni. Mama Sala alimkumbatia msichana yule akalia. Alilia machozi ya kweli. Alimlilia huyo kaka wa watu, dereva wa lori aliyemlea dada yake tangu wazazi wao walipoondoka, ambaye kila akipita barabara kuu hakosi kuegesha lori, kushuka na gunia la viazi begani, na kumwita Mama Sala "bibi harusi" mbele ya mtaa mzima. Na kwa kuwa akianza kulia huwa hajui atakomea kwa nani, akamlilia na mumewe.

Alipojipangusa uso, macho yake yakarudi kazini. Mikeka ilikuwa imekwisha tandikwa. Makochi ya wateja yalikuwa yametolewa barazani, yamepangwa safu, yakiwa bado na plastiki zake. Kwenye kona palikuwa na sufuria la chai linalotosha mtaa, nayo ilikuwa imekwisha kuiva. Nyumba iliyopigwa na habari sasa hivi inapata wapi nafasi ya kuivisha chai ya mtaa? Na yule mke, ndani ya mtandio wake, hakuwa akilia. Alikuwa ametulia tuli, kama mtu aliyekatazwa kupiga chafya.

Ndipo Mama Sala alipokumbuka leo ni siku gani.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Kodi alikwisha kuisamehe, na ua wake ulikwisha kuliwa na makochi, na hayo yote alikuwa ameyapeleka kwenye maombi. Lakini machozi! Yule bwana alimtoa mjane jikoni peku akamliza bure, na machozi aliyomlilia mumewe yakamwagikia kwenye mchezo wake. Mama Sala alisimama, akatoka nje, akashika nguzo ya baraza asije akasema neno ambalo angelijutia kwenye sala ya jioni.

Majirani walikuwa wanamiminika. Muuza mkaa alifika na kimfuko cha mkaa, mchango wake, akakibwaga chini na kusimama ubavuni mwa Mama Sala.

"Nimeleta mkaa wa msiba wa uongo," akanong'ona bila kutikisa midomo.

"Kumbe unajua?"

"Nani asiyejua? Jana jioni nilimwona akipanga makochi barazani, anarudi nyuma, anayatazama, anayanyoosha. Nikasema leo kapata mteja mkubwa."

"Basi sema, dada! Watu wanakusikia."

"Mimi? Nimwambie mfiwa hajafiwa? Na ikiwa kweli je, sura yangu nitaificha kwenye gunia gani? Sema wewe, nyumba ni yako."

"Nikisema mimi, wataona nawatoa watu kwenye kilio."

"Wataona hivyo," muuza mkaa alikubali. "Na mimi nitaona nao, maana nitakuwa nimekaa katikati yao." Akajifunga vizuri, akaingia, na mara sauti yake ikasikika juu ya sauti zote: "Poleni jamani! Poleni sana!"

Dalali wa mahakama alifika na wapagazi wake wawili na kamba zao. Alipoona mikeka na akina mama, alisimama getini, akavua kofia. Mpagazi mmoja akavua yake. Wa pili hakuwa nayo, akajikuna kichwa kwa heshima.

"Karibu, mkubwa," Fundi Sofa alimwambia kwa sauti iliyochoka. "Nilikuwa nimejiandaa kuhama leo, Mungu shahidi yangu. Ndiyo hali uliyotukuta nayo."

"Pole, ndugu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Dalali akakaa kwenye kochi la mteja, plastiki ikalia chini yake. Akapewa chai. Wapagazi wakapewa chai. Mama Sala alipoona kikombe kile mkononi mwa dalali, alijua baridi imekwisha kupiga hodi. Alimwita nyuma ya tangi la maji.

"Baba, kazi inaanza saa ngapi?"

"Mama, si unaona mwenyewe? Mimi natoa vyombo. Sijatoa mfiwa tangu nianze kazi hii. Nikigusa kitanda cha pale, wale akina mama watanigawana."

"Umemwona huyo maiti?"

"Mama! Nimwone nimpimie shati?" Akatazama chini kwenye chai yake. "Nitakaa kidogo kwa adabu, halafu nitaandika nimekuta msiba. Na mimi nina ndugu zangu. Sitaki maneno ya mtu yanifuate nyumbani."

"Ndani mle mna mtoto anayekohoa."

"Nasikia," alisema dalali, na kweli alikuwa anasikia, kwa kuwa kikohozi kile chembamba kilikuwa kinatoka dirishani mwa uani wakati ule ule. Akanywa chai yake haraka kama dawa, akarudi kukaa.

Mama Sala aliingia jikoni. Maji aliyoyaacha motoni yalikuwa yamekauka na sufuria inanuka. Binti yake alikuwa amemshika mtoto wima kifuani, akimpigapiga mgongo. Mama Sala akaishika sufuria kwa pindo la khanga, na hapo mlangoni akatokea mke wa Fundi Sofa. Alikuja kuazima vikombe. Mtandio ulikuwa umeshuka shingoni, na macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Mama, shikamoo," akasema, kama vile hawajakumbatiana asubuhi ile ile.

"Marahaba. Kaka yako kafa lini?"

Msichana alitazama vikombe.

"Nakuuliza, mwanangu. Mimi nimemlilia."

"Nilikuona." Sauti yake haikufika nje. "Alinieleza wakati mikeka imeshatandikwa. Alisema ni ya leo tu, mpaka yule bwana wa mahakama aondoke. Kesho atasema habari zilikosewa, ni mtu mwingine."

"Atamfufua kesho."

"Nilimwambia, si una kaka watatu, kwa nini asife mmoja wao? Akasema wa kwake hawezi kuwachezea."

Binti wa Mama Sala aliacha kumpigapiga mtoto.

"Nawe ukajifunika," alisema Mama Sala.

"Nikajifunika. Kaka yuko njiani, mama. Analala barabarani, breki zenyewe zile. Nikikaa pale nikisikia wanasema marehemu, marehemu, mwili unanisisimka. Nasema nikinyamaza, mimi sijasema. Wanasema wao."

Mama Sala alitaka kumtukana, akatafuta tusi, asilione. Alimhesabia vikombe mkononi akamwacha aende. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaongea na Mungu kama alivyozoea, bila kufumba macho, akikwangua sufuria. Alimwambia kwamba amekasirika na hajui hasira hii aiweke wapi. Hakusikia jibu. Alisikia jina lake likiitwa kutoka mbele.

"Mama Sala! Mama yetu yuko wapi?"

Aliyekuwa akiita ni Fundi Sofa mwenyewe. Kazi ilikuwa imemwendea vizuri kupita alivyotegemea, na hapo ndipo alipojisahau. Dalali alikuwa amekwisha kuweka kikombe chini na kofia gotini, tayari kuaga. Angemwacha tu aondoke. Lakini alitaka kufunga na mlango wa mwisho: mwenye nyumba akimwombea marehemu mbele ya mtaa mzima, kesho atarudije mahakamani kusema hapakuwa na msiba?

"Mama yetu," Fundi Sofa alimwambia Mama Sala alipotokea, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, kama siku zote. "Sisi tuna mambo yetu ya nyumba, hayo yamewekwa kando. Leo ni kilio. Kwenye mtaa huu mtu wa sala ni wewe. Tuombee shemeji yangu apumzike."

Akina mama wakaguna kwa kuguswa. Wengine walishusha macho, na muuza mkaa akaanza kutazama kucha zake moja moja.

Mama Sala aliutoa mkono wake taratibu. Alisimama katikati ya mkeka, akawatazama wote, yule mwenye kofia gotini, wapagazi, majirani aliozika nao na kuwaombea watoto wao, ambao kila mmoja alijua na kila mmoja alikuwa anasubiri yeye aseme uongo kwa niaba yao, tena amwambie Mungu.

"Nitaomba," akasema. "Sijawahi kukataa kumwombea mtu."

"Asante, mama," alisema Fundi Sofa.

"Lakini mimi kwa Mungu sipeleki maiti asiyetajwa. Nimewazika wazazi wangu, nimemzika mume wangu, na wote niliwataja kwa kinywa changu. Nilisema, fulani amekufa. Ni maneno mabaya kuliko yote, ila bila hayo hakuna sala. Basi na hapa wa damu amtaje."

"Nitamtaja mimi. Mke wangu hajiwezi."

"Wewe ni shemeji. Shemeji ni mtu wa kuja, kama mimi." Kulikuwa na kicheko kidogo mahali fulani, kikafa. "Asubuhi nimekuja hapa peku nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Nimelipia sala hii. Nataka maneno mawili tu ya dada mtu." Akamgeukia yule msichana, na hapo sauti yake, iliyokuwa ngumu, ikalegea bila yeye kutaka. "Mwanangu, mtaje kaka yako. Sema amekufa. Mimi nitasema amina, na bwana huyu ataenda zake, na mume wako atabaki kwenye vyumba hivi mpaka atakapochoka. Sitakwenda tena kwa hakimu. Nasema mbele ya watu."

Hata yeye alishtuka kusikia alichosema. Nyuma ya nyumba mtoto alikohoa. Hakujua kama alikuwa amemtupa mjukuu wake au amemwokoa, na maneno yalikwisha kutoka.

"Sema, mke wangu," Fundi Sofa akahimiza. Akacheka kidogo, akakumbuka kuwa amefiwa, akaacha. "Sema tu. Neno moja. Usinitie aibu mbele ya watu."

Msichana alifungua mdomo. Midomo yake ilianza jina, herufi ya kwanza tu, kisha ikasimama. Machozi ambayo hayakutoka asubuhi yote yakatoka sasa, kwa nguvu, mpaka mama mmoja akamsogelea. Msichana alimzuia kwa mkono.

"Hapana," alisema. "Hapana. Kaka yangu ni mzima."

"Huyu amechanganyikiwa na uchungu!" Fundi Sofa akaruka. "Jamani, mshikeni! Ndivyo majonzi yanavyofanya."

"Ni mzima!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Jana usiku kanipigia, kaniuliza anisimamie wapi na viazi. Ni mzima, ni mzima, na atakaa akiwa mzima, na wewe ukitaka maiti kamchukue kwenu!"

Dalali wa mahakama aliitazama kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa. Wapagazi wakaweka vikombe vyao chini kwa pamoja. Muuza mkaa alikuwa wa kwanza kupata ulimi.

"Mimi nilisema tangu mapema!" akatangaza. "Nilisema hapa hapana msiba!"

Mama Sala alimtazama mara moja tu, na yule mwanamke akatafuta kimfuko chake cha mkaa.

"Mama," Fundi Sofa alimgeukia, mikono imekwisha nyooshwa tena kutafuta mkono wake, "mama yangu mzazi, umesema mwenyewe, umesema hutakwenda kwa hakimu..."

"Akimtaja," alisema Mama Sala. Mikono yake ilikuwa nyuma, ndani ya khanga. "Nilisema akimtaja. Baba dalali, anza na chumba chenye dirisha kubwa. Na makochi ya watu uyabebe vizuri, wenyewe hawana kosa."

Msichana alikuwa amesimama. Aliuvua mtandio mweusi, akaukunja mara mbili kwa uangalifu kama nguo ya kuazima, akauweka kwenye goti la mumewe. Aliingia ndani akatoka na begi lile lile walilokuja nalo, zipu haijafungwa, mkono wa gauni ukining'inia nje.

"Wewe! Unakwenda wapi?" mumewe alimwita. "Nazungumza na wewe! Rudi hapa!"

Mama Sala alitaka kumwambia asubiri, anywe hata maji. Badala yake akasogea kumpisha.

Msichana akapita kati ya wapagazi waliokuwa wakifungua kamba zao, akapita mbele ya dalali, akalisukuma geti kwa begi, akatoka kuelekea barabara kuu bila neno jingine.